Sauti Iliyokutangulia Mlimani

Atupele mwanangu,

Unakokwenda kesho wananiogopa. Mimi mwenyewe waliniona siku moja tu. Wanachokiogopa ni sauti yangu, na sauti yangu unayo wewe. Shangazi zako wakipiga simu hawajui wamempata nani kati yetu, na baba yako miaka yote hii akiwa sebuleni huitikia "naam, mke wangu" kumbe ni wewe unaulizia chumvi. Tumecheka sana kwa hilo. Leo silicheki, kwa sababu kesho kutwa utasimama mlangoni kwa watu wa kule juu, utafungua mdomo upige hodi, na wao watawaingiza watoto ndani.

Najua bado umenuna. Jumapili uliniomba nikurekodie upya lile somo la mtoto asiyepumua, nikakwambia sirekodi. Ukasema, "Mama, umefundisha mkoa mzima, mimi ndiye unaninyima?" Ukasukuma sahani ukaondoka, na tangu hapo tunasalimiana kama majirani waliogombea mpaka wa shamba. Baba yako anadhani ni ukaidi wetu wa kawaida. Yuko hapo barazani anafunga begi lako kwa kamba utafikiri linakwenda Lubumbashi. Ningekuita nikueleze, lakini mimi na wewe tukianza kueleweshana tunaishia kupigana maneno. Kwa hiyo naandika. Mambo ya chandarua, maji ya kuchemsha na vijana wa bodaboda sikuandikii, hayo umeyasikia mpaka unayaimba.

Ulikuwa bado sekondari nilipoanza kurekodi. Idara yetu ya dharura hapa Tunduma unaijua: malori yakigongana tunaletewa watu wa upande huu na wa Zambia, na sisi wauguzi tulikuwa wa kuhesabika. Lakini waliokuwa wakituuma ni wale wa mbali waliotufikia wamechelewa. Mama katoka Momba na mtoto mgongoni, mchimbaji katolewa shimoni huko Galula akabanwa kwenye pikipiki katikati ya wenzake wawili, na zahanati zote walizopita njiani hakuna aliyewagusa. Haikuwa roho mbaya, walikuwa wanaogopa. Umemaliza chuo, mgonjwa wa namna ile umemwona mara moja tena kwa mbali, halafu uko peke yako mlimani na watu hamsini wamesimama dirishani. Nani hatetemeki?

Daktari wetu, yule mfupi uliyekuwa ukimwita Daktari Koti, akasema tutumie simu. Akaunda kundi la wahudumu wa zahanati zote, akaniita mimi. "Sista, wewe unaongoza kwaya," akasema. "Wakikusikia watatulia." Nikashona mdoli wa kitenge, nikamjaza pumba, nikamlaza kwenye meza yetu ya kulia, baba yako akashika simu na kidole chake kikubwa kikaingia kwenye kila picha. Nikafundisha. Jinsi ya kufungua njia ya hewa, jinsi ya kukandamiza kifua, jinsi ya kumpulizia mtoto mchanga. Kila somo nililianza kwa maneno yaleyale: "Usiogope. Niko hapa na wewe." Hakuna aliyeniandikia. Ndiyo niliyokuwa nikikwambia wewe ukiwa na homa, yakanitoka tu.

Na yalisaidia, mwanangu, usije ukasoma barua hii ukadhani nakukataza simu. Siku moja nikiwa sokoni ilinijia kwenye simu sauti kutoka Galula, kelele tupu, muuguzi analia na kucheka, "Sista, anapumua! Sista, huyu baba anapumua!" Nikaruka pale pale kati ya mafungu ya nyanya. Mama mmoja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, anayeuza dagaa wa kapenta alinisikia nikipiga vigelegele, akaacha kupima. "Bamayo," akasema, yaani mama kwa lugha yao, "wewe si ndiye wa kwenye simu?" Akanijazia mfuko bure. Kichwa kilinivimba, sikufichi. Nilirudi nyumbani nikawasimulia wewe na baba yako mara tatu, mkaniita Staa wa Tunduma.

Sasa sikia nilichokifanya.

Wenzetu wa milimani walilalamika kwamba video zangu ni nzito. Zinamaliza bando kabla hazijafunguka, na mtandao wenyewe kule mpaka upande juu ya kichuguu. Nikajifunza kukata. Nikawa fundi hasa. Popote nilipokuwa kimya, nilikata. Nikikohoa, kata. Nikizunguka meza kumfuata mdoli, kata. Na pale ninapomwinamia, sikio mdomoni kwake, macho kifuani, kuangalia kama anapumua, pale ambapo wewe chuoni umefundishwa utulie hata sekunde kumi, pale pia nilikuwa kimya. Napo nikakata. Maneno niliyaacha, "Tazama kama anapumua," nikaamini yanatosha. Ukiiangalia ile video unaniona nainama nainuka, kama kuku anayedonoa punje.

Masika yaliyofuata nikatumwa kukagua mafunzo, na moja ya zahanati ilikuwa hiyo hiyo uliyopangiwa, juu kabisa ya Isongole. Njia ilikuwa imekatika, pikipiki ikaniacha darajani, nikapanda kwa miguu. Mchana kweupe, lakini ukungu umeshuka hata mgomba huuoni mpaka jani likuguse usoni. Nikasikia mwanamke anazungumza huko juu. Nikafurahi, nikajua nimefikia watu, nikakaza mwendo. Anasema mfululizo, anakatika ghafla, anaanza tena. Nilikuwa nimeshapanda kipande kizima nilipotambua kwamba yule mwanamke ni mimi. "Usiogope," nikajisikia nikisema ndani ya ule ukungu. "Niko hapa na wewe." Nilijua ni video, mimi si mshamba. Lakini nilisimama, Atupele.

Nyumba ya kwanza ipo njiani kabla ya zahanati. Kibarazani alikuwepo bibi anapukuchua mahindi, na wanawake wawili, na watoto. Kule mgeni wa kike hupiga magoti kwanza, akapiga makofi taratibu, akangoja aitikiwe. Mimi na haraka zangu za mjini nilipaza sauti ningali njiani: "Hodi hapa! Habari za mchana, mama zangu!"

Bibi akaacha mahindi. Hakuitikia. Mwanamke mmoja akainuka, akajifunga kitenge kiunoni, akakikaza, vile wanawake wa kule wanavyojifunga wakipata habari ya msiba. Yule mwingine akawavuta watoto ndani, mlango ukafungwa, nikasikia komeo. Nikabaki na bibi. Alinitazama miguu kwanza, akapanda taratibu mpaka usoni.

"Umemfuata nani?" akauliza.

"Shikamoo, bibi. Nimekuja zahanati."

"Hilo najua. Nauliza leo umemfuata nani."

Hakuwa na hasira wala jeuri, alikuwa anauliza kama unavyomuuliza mgeni amefikia kwa nani. Nikacheka kidogo, si unajua ninavyocheka nikikosa la kusema, na bibi aliposikia kicheko akashika kichwa kwa mikono yote miwili.

Ndipo akaja mbio muuguzi wa pale, kijana anaitwa Ezekia, koti jeupe, amejiandaa kukaguliwa. Akanivuta pembeni na aibu zake. Akaniambia kwamba mgonjwa mahututi akiletwa, yeye huunganisha simu na spika ili mikono yake iwe huru, akanifungulia, nami nikamwongoza hatua kwa hatua. Dirisha huwa wazi. Ndugu wanaokaa nje kwenye benchi hawaoni kitu, wanamsikia tu mwanamke asiyeonekana akiingia chumbani bila kupita mlangoni, anasema usiogope, niko hapa na wewe. Na baada ya hapo, mara nyingi, Ezekia hutoka kuwaambia mgonjwa amekwenda.

"Wamekupa jina, Sista," akasema. "Wanakuita Niko Hapa. Watoto wakikataa kulala wanaambiwa ataitwa Niko Hapa."

"Na wewe hukuwaeleza?"

"Nimewaeleza. Nimewaonyesha mpaka simu. Wanasema sawa, ndiyo, tumeelewa. Lakini mtu akizidiwa siku hizi hawamleti mpaka wahakikishe spika iko kimya. Na leo asubuhi nilikuwa nafanya mazoezi kwa ajili yako."

Kabla sijamjibu, nyuma ya ule mlango uliofungwa mwanamke akapiga ukelele. Ezekia akageuka, mimi nikageuka. Bibi hakugeuka. Alikuwa bado ananitazama mimi, akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata jibu lake.

"Haya," akasema. "Kumbe ni huyo."

Komeo likatolewa tukaingia. Mtoto wa kiume, wa kuanza kuunganisha maneno, alikuwa na homa tangu alfajiri. Hawakumpeleka zahanati, iliyo hatua chache tu hapo juu, kwa sababu asubuhi nzima nilikuwa nikisema humo. Degedege lilikuwa limemshika, likamwachia, sasa amelegea kwenye mkeka, midomo imebadilika rangi, povu shavuni. Nikafungua mdomo nimwambie mama yake atupishe. Yule mama, na hili ndilo ninaloliona hata nikisugua sufuria, akamziba mtoto masikio kwa viganja vyake.

Nikanyamaza. Ningefanya nini? Kila neno langu lilikuwa linamuua mwanawe machoni pake. Nikamwonyesha Ezekia kwa mkono, fanya wewe. Akapiga goti. Akainama, akainuka. Kama kuku. Nilikiona kichwa changu mwenyewe kwenye shingo ya yule kijana, kasi ile ile, pembe ile ile. "Amekwenda," akasema, akauvuta upande wa kitenge akamfunika mtoto uso, vizuri, kwa upole, kama mtu aliyekwisha kuzoea. Kilio kikaanza.

Nilimsukuma Ezekia, sijui kwa nguvu gani, akaangukia ukutani. Nikafunua kitenge. Kwa kilio kile sikio lisingesikia kitu, nikaweka macho tumboni kwa mtoto nikatulia. Hakuna. Hakuna. Nilitaka kuinuka, nakuapia, mwili wangu wote ulikuwa unataka kuinuka, kwa maana pale chini ni mbali sana na kila mtu. Nikakaa. Tumbo likapanda. Kidogo tu, kama mtu anayepumua kwa kuiba, likashuka, nikangoja hata nikakata tamaa, likapanda tena.

Nikafanya yote bila kutamka neno. Nikamgeuza ubavu, nikafuta povu, nikainua kidevu, nikauchukua mkono wa Ezekia nikaulaza tumboni kwa mtoto nikauacha hapo mpaka nilipoona uso wake umebadilika. Tukakimbia naye zahanati, akapigwa dawa ya degedege na ya malaria, sukari ilikuwa imeshuka akawekewa maji ya sukari mshipani. Jioni akaomba uji. Anaitwa Ipyana. Utamkuta, sasa ni wa kuchunga ng'ombe.

Ezekia alinisindikiza hadi darajani. Ukungu ulikuwa haujaondoka, alitembea nyuma yangu, nasikia viatu vyake tu.

"Sista," akasema, "hivi ndivyo unavyotazama?"

"Ndiyo."

"Muda wote ule?"

"Ndiyo, Ezekia."

"Kwenye video hutazami hivyo."

Nikamweleza habari ya bando na kukata. Nilimweleza haraka haraka nikiangalia mbele. Tulipofika majini akauliza, "Basi wale wengine?"

Nilimjibu kweli. Nilimwambia wanaoletwa katika hali ile, wengi wao huwa wamekwisha kufariki, hata ungetazama mpaka jioni. "Wengi," akasema. Akageuka, akapanda kurudi kwenye ukungu. Makaburi ya hao wengine yako mteremkoni nyuma ya mibuni, utayapita kila ukienda kuteka maji, na hakuna binadamu atakayejua ni lipi la aliyefunikwa uso angali anapumua.

Nilimwambia Daktari Koti yote. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Tukarekodi upya na ukimya wake mzima, tukawaomba watu wafute ile ya zamani, na walio kwenye kundi wakafuta. Lakini video nyepesi ina miguu. Ilikuwa imeshavuka mpaka, imeshaingizwa kwenye memori kadi pale vibandani kwa vijana wanaouza nyimbo za injili. Mwaka jana namba nisiyoijua ya Zambia ilinitumia: "Dada, somo zuri la kuokoa maisha, sambaza kwa uwapendao." Nikafungua. Nikajiona nikiwa kijana kidogo, nimevaa ile blauzi ya bluu, namwinamia mdoli, nainuka. Yule mwanamke bado yuko njiani, anafundisha mahali, na mimi siwezi kumkimbilia nikamnyamazisha.

Ezekia aliacha kazi. Analima viazi. Mara moja moja hunipigia simu, na akipiga hasemi kitu, nasikia anavyopumua tu. Na mimi sisemi. Namsikiliza mpaka akate.

Ndiyo sababu nilikukatalia Jumapili, na sikuweza kuisema mbele ya ugali. Usinielewe vibaya, jifunze kwa simu. Ifungue ukiwa na chai yako, hujazingirwa na watu, rudia mpaka uchoke, uliza kundini maswali ya kijinga, na mgonjwa akishaondoka ifungue tena uone ulikosea wapi. Yule baba wa Galula yuko hai kwa sababu ya simu, na Ezekia mwenyewe aliwahi kuniambia bila ile sauti mara ya kwanza angetoroka kupitia dirishani. Hofu yangu ni ile sauti ya mama yako chumbani, inakupeleka kwa kasi yake, na wewe mikono inanifuata mimi na macho hayamfuati mtu. Mimi niliwaambia watu wasiogope. Kosa lingine hilo. Ogopa, mwanangu, kuogopa hakukuzuii kutazama, na mimi sijawahi kutazama vizuri kama siku ile niliyokuwa natetemeka.

Na kwa hao watu wa kule, ukifika usitangulize sauti. Piga magoti, piga makofi, ngoja. Watajua mara moja wewe ni nani, wacha wajue. Halafu waache wakusikie kwingine kabla hawajakusikia chumbani. Gombania bei ya maharage. Cheka kisimani, unacheka vibaya kama mimi, cheka hivyo hivyo. Imba kanisani mstari wa mbele. Akizaliwa mtoto salama, toka wewe mwenyewe ukapige vigelegele uwanjani mpaka wakukataze. Itachukua muda, na wapo watakaofunga mlango mwaka mzima. Usiwagombeze. Wana haki yao.

Kuna jambo moja nimelizunguka tangu nianze. Majina ya waliopangiwa vituo yalipotoka, mkubwa mmoja ninayemfahamu alinipigia. Akasema, "Binti yako kapangiwa mbali, Sista, ukitaka tunambadilishia, kuna nafasi hapa karibu, Vwawa." Wewe ulikuwa jikoni unaimba, hujui lolote. Nilikusikiliza ukiimba, nikamwambia asante, mwacheni aende huko huko.

Umedhani ni bahati yako mbaya, na baba yako amekuwa akiilaumu serikali wiki nzima. Ni mimi. Ungekuwa karibu, ungekuwa unakuja kula hapa kila Jumapili, na mimi nilikataa kwa sababu watu wale niliwapelekea sauti isiyotazama, na sina cha kuwapa badala yake isipokuwa wewe. Nichukie kwa hilo kadiri utakavyoweza. Mimi mwenyewe usiku wa siku ile nilijichukia, na kesho gari likiondoka nitajichukia zaidi.

Lakini mtoto wa mtu akilazwa mbele yako, mwinamie, ukae huko chini. Watalia, watakuvuta nguo, utaona umepitiliza. Kaa, mwanangu. Usiinuke mpaka umemwona.

Ni mimi mama yako, ninayekupenda na sijui kulisema kwa sauti.